Kabla Hujatengeneza Bidhaa, Lijue Tatizo la Mteja: Mwongozo kwa Wabunifu wa Dodoma

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye wazo la bidhaa kichwani na fedha kidogo mfukoni. Labda umemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na unataka kutengeneza programu ya simu. Labda una karakana Kizota na unafikiria mashine ya kukaushia matunda. Au umeona mji unavyokua tangu Serikali ilipohamia, watu wanajenga Ihumwa, Nzuguni na Mtumba, ukajiambia hawa lazima kuna kitu wanakihitaji. Vyote ni vianzio vizuri. Kinachowaumiza wengi ni kutoka kwenye wazo moja kwa moja hadi kwenye kutengeneza. Fedha inakwisha, ndipo wanaanza kumtafuta mteja. Kwa mtu aliyeweka akiba yake yote, au ya wazazi wake, hilo ni pigo ambalo linachukua miaka kupona, na linaepukika.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: zabibu. Dodoma ndiko zinakolimwa kwa wingi nchini, na huvunwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Februari na Aprili, kisha Agosti na Septemba. Kila anayepita huku husikia kauli ile ile: "Wakulima wa zabibu hawana soko." Tuseme nawe umeisikia, na sasa unataka kutengeneza programu ya kuwaunganisha wakulima na wanunuzi.

Hatua ya 1: Andika unachoamini, kisha kiweke kando

Chukua karatasi uandike mambo matatu: nani ana tatizo, tatizo lenyewe ni lipi, na umelijuaje. Hilo la tatu ndilo la kukuumbua. Ukikuta umeandika "nimesoma mtandaoni" au "kila mtu anajua", fahamu kwamba bado huna kitu mkononi. Weka tarehe, ikunje, iweke. Utaihitaji baadaye ili uone umesogea kiasi gani kutoka pale ulipoanzia. Bila hiyo karatasi utajidanganya kwamba ulijua tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Mchague mtu, achana na kundi

"Wakulima" hawawezi kuwa mteja wako. Mkulima wa Hombolo mwenye eka moja hana shida sawa na mwenye shamba la umwagiliaji wa matone kule Chinangali, na wote wawili hawafanani na mtumishi wa wizara aliyenunua shamba Mpunguzi na kulitembelea Jumamosi. Chagua mmoja. Eleza umri wake kwa kukadiria, ukubwa wa shamba, nani anamsaidia kazi, simu yake ni ya kitochi au janja, na nani nyumbani anaamua mzigo uuzwe lini. Ukishindwa kujaza nafasi hizo, ujue bado humjui.

Hapa kwetu kuna funzo kubwa la jambo hili, na liko umbali mfupi tu kutoka mjini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mpango ulikuwa kulima zaidi ya eka milioni 3 za karanga katika Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Wakaleta matrekta na mabuldoza. Vichaka na mibuyu vikayavunja, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kushupaa wakati wa kiangazi hata karanga zikawa ngumu kung'olewa, na mvua haikuja kama ilivyopangwa kwenye karatasi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Upungufu wa mafuta ulikuwa wa kweli kabisa, lakini ulikuwa tatizo la jikoni Uingereza. Tatizo la anayelima Kongwa ni mvua. Wagogo walikuwa wakilima mtama na uwele katika ardhi hiyo hiyo, mazao yanayostahimili ukame, na chaguo lao lilikuwa jibu tosha kwa yeyote ambaye angeuliza kwa nini hawalimi kitu kingine.

Hatua ya 3: Mfuate alipo, wakati tatizo likiwa bichi

Ukimhoji mkulima wa zabibu mwezi wa sita, atakusimulia kumbukumbu. Ukimhoji siku ya kuvuna, utaona mwenyewe. Panga safari zako kwa kufuata kalenda yake.

Ukifika kijijini, pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji na umjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Usilione kuwa ni urasimu. Katika maeneo yanayozunguka Jiji, mgeni mwenye daftari na kalamu anadhaniwa haraka kuwa mpima viwanja, na watu wana sababu za kuhofia ardhi yao. Salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", hufungua mlango. Kwa mzee asiyezoea Kiswahili tafuta kijana wa pale pale akusaidie, na umlipe.

Kuna jambo la pili ambalo wageni wengi hawalitambui. Mkoa huu umepitiwa na miradi mingi ya misaada, na watu wamejifunza kumpa anayeuliza jibu analolitaka. Ukisema "tunafanya utafiti kuhusu changamoto za wakulima", utapewa orodha ndefu: mitaji, pembejeo, maji, masoko. Kila kimoja ni kweli na hakuna kitakachokusaidia. Sema wazi tangu mwanzo: sina mradi, sigawi kitu, nataka kujifunza kazi yako inavyokwenda. Wengine watapoteza hamu wakuache. Waache. Watakaobaki watakuambia ukweli.

Nenda peke yako au na mwenzako mmoja. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti au kupiga picha, na eleza utafanya nini na majina na namba za simu unazoandika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe mwenye daftari tu.

Hatua ya 4: Uliza yaliyopita, usiulize yajayo

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote.

Swali baya kuliko yote ni hili: "Nikitengeneza programu ya kukuunganisha na wanunuzi, utaitumia?" Mtanzania aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia kijana wa watu aliyetoka mjini na jua hili kwamba wazo lake halina maana. Atasema, "Ni jambo zuri sana mwanangu, Mungu akubariki." Utarudi mjini umefurahi, ukiamini una wateja mia. Ile ilikuwa heshima tu. Kwa hiyo bidhaa yako usiitaje kabisa katika mazungumzo ya mwanzo.

Uliza kuhusu mara ya mwisho. Mara ya mwisho ina tarehe, ina watu, ina fedha iliyotoka na iliyoingia. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Shikamoo mama.
— Marahaba mwanangu, karibu ukae.
— Ahsante. Mama, mara ya mwisho kuvuna ilikuwa lini?
— Mwezi wa tisa.
— Mzigo uliuuza wapi?
— Nyingine alichukua mnunuzi wa kiwandani, nyingine tuliweka barabarani, zilizobaki tukakamua mchuzi wa kutengenezea mvinyo.
— Huyo wa kiwandani ulimpataje?
— Tunamjua siku zote. Anao wanunuzi wenzake, namba zao zote ninazo.
— Siku ile ilikuwaje?
— Alisema anakuja Jumatano. Jumatano kimya. Nikapiga, akasema gari halijajaa, subiri. Akaja Jumatatu.
— Siku zote hizo zabibu zilikuwa wapi?
— Si hapo hapo kwenye miti? Ukishakata utaziweka wapi na joto hili?
— Ukafanya nini?
— Nikamweka kijana afukuze ndege. Halafu nikaona zinaanza kunyauka, nikamwita mama mmoja wa Soko la Majengo akachukua kiasi. Kwa bei yake, siyo yangu.

Soma tena mazungumzo hayo polepole. Mama huyu ana namba za wanunuzi wote. Ile programu ya kumtafutia mnunuzi ingemletea kitu alicho nacho tayari. Kinachomtesa ni siku tano kati ya zabibu kuiva na gari kufika. Tena zabibu zina tabia yake: haziendelei kuiva zikishakatwa, tofauti na ndizi au embe. Kwa hiyo hawezi kuzikata mapema akazivundika ndani, na zikishaiva hawezi kuziacha kwa muda mrefu. Hilo la siku tano usingelipata kwa dodoso lenye visanduku vya kuweka vema.

Angalia pia maswali yalivyo mafupi. Hakuna lililomwekea jibu mdomoni. Akisema jambo, unamfuata hapo hapo: "Ukafanya nini?" "Halafu?" "Ulilipa shilingi ngapi?" Na ukiuliza, nyamaza. Wazee wetu hawajibu mbio. Sentensi muhimu mara nyingi huja baada ya kimya ambacho kijana mwenye haraka angekivunja kwa swali jingine.

Andika maneno yake kama alivyoyasema. "Kwa bei yake, siyo yangu" ina uzito kuliko "changamoto ya bei" utakayoiandika wewe ukifika nyumbani.

Zungumza na watu kumi hadi kumi na tano wa aina ile ile uliyoichagua. Utajua umetosheka pale mtu mpya anapokusimulia hadithi unayoweza kuimalizia. Ukifika wa kumi na tano na kila mmoja ana hadithi yake tofauti, basi kundi lako bado ni pana; rudi hatua ya pili.

Hatua ya 5: Tafuta anavyolihangaikia sasa

Tatizo zito huacha alama. Mtu analilipia, analipotezea muda, au amebuni njia yake ya kulizunguka. Yule mama alimlipa kijana wa kufukuza ndege, akauza kwa hasara, akakamua mchuzi. Hizo ni alama tatu. Lakini ukikuta mtu analalamika kwa sauti kubwa na hakuna anachokifanya kuhusu jambo hilo, mara nyingi hilo ni lalamiko tu. Lalamiko halinunui bidhaa.

M-Pesa ilizaliwa kwa njia hii. Majaribio yake nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 2005, yalilenga kuwasaidia watu kupokea na kurejesha mikopo midogo kwa simu. Waliopewa huduma wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Waliokuwa wakiisimamia wakaliona hilo na kulifuata, na ilipozinduliwa rasmi mwaka 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Kabla ya hapo watu walikuwa tayari wanalihangaikia tatizo lile lile kwa njia nyingine: bahasha kwa kondakta wa basi, ndugu anayesafiri, vocha za muda wa maongezi.

Kwa hiyo uliza kila mara: "Kwa sasa unafanyaje?" Jibu lake ndilo mshindani wako wa kwanza, hata kama ni kijana mwenye manati.

Hatua ya 6: Weka hesabu

Kaa na mkulima mpige hesabu pamoja, kwa tarakimu zake mwenyewe. Nikiweka za mfano tu: amevuna kilo 1,000 na bei aliyokubaliana na mnunuzi ni Sh 1,500 kwa kilo. Kilo 200 zimeliwa na ndege au kunyauka, hasara ya Sh 300,000. Kilo 300 ameziuza kwa Sh 800 badala ya Sh 1,500, amepoteza Sh 210,000. Kijana wa ndege kwa siku 5, Sh 5,000 kila siku, Sh 25,000. Jumla ni Sh 535,000 kwa mavuno moja, na mavuno ni mawili kwa mwaka.

Tarakimu hiyo ndiyo dari ya bei yako. Ukija na chumba cha ubaridi ambacho kwa mkulima mmoja kinagharimu kuliko hasara yake ya miaka kumi, hata kama ni kizuri namna gani, hatanunua, na atakuwa na haki. Na ikitokea hesabu inaonyesha hasara ya Sh 20,000 kwa mwaka, ni afadhali ulijue leo, ungali na akiba yako.

Wakati wa kupiga hesabu uliza pia nani anatoa fedha. Anayeumia, anayeamua na anayelipa wanaweza kuwa watu watatu: mama shambani, mume mwenye simu ya kupokelea malipo, na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inayopanga mzigo. Nami nakushauri umfuate pia dereva au wakala wa kiwanda. Inawezekana yeye naye anaumia, kwa sababu hawezi kuleta gari kwa kreti sita, na zabibu zilizonyauka zinamharibia mzigo. Ikiwa hasara yake ni kubwa kuliko ya mkulima, basi huenda mteja wako ni yeye.

Hatua ya 7: Liandike tatizo kwa sentensi moja

Sentensi hiyo iwe na mtu, wakati, kinachotokea, anachofanya sasa, na kinachomgharimu. Isiwe na bidhaa yako ndani yake.

Hapo kwenye bidhaa ndipo wengi wanaponaswa. "Wakulima wa zabibu wanakosa programu ya kuwaunganisha na soko" ni bidhaa iliyovishwa nguo ya tatizo. "Wakazi wa Ipagala hawana huduma ya kufuliwa nguo kwa oda ya mtandaoni" vilevile. Ukitaka kujua kama umenaswa, jiulize: je, tatizo hili linaweza kutatuliwa kwa njia tatu tofauti? Kama njia ni moja tu, umeshaweka jibu lako ndani ya swali.

Kwa mfano wetu, sentensi inaweza kuwa hivi:

"Mkulima wa Hombolo mwenye eka moja au mbili za zabibu, mzigo ukishaiva, husubiri gari la mnunuzi kwa siku kadhaa bila kujua litafika lini, kwa kuwa hana pa kuhifadhi akishakata, huziacha kwenye miti, hulipa mtu wa kufukuza ndege na kuuza sehemu ya mzigo kwa bei ya hasara, na kila mavuno hupoteza takriban theluthi moja ya mapato aliyoyategemea."

Ni ndefu, na haina ubaya. Jaribu njia tatu: wakulima kadhaa wakubaliane kuvuna siku moja ili gari lijae, kivuli na kreti za kuhifadhia zabibu zilizokatwa kwa siku mbili, nyavu za kuzuia ndege. Zote zinaingia, na mbili kati yake hazihitaji simu kabisa. Sasa fungua ile karatasi ya hatua ya kwanza uilinganishe na hii.

Hatua ya 8: Irudishe sentensi kwa wenyewe

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Rudi Hombolo, wasomee sentensi wale uliowahoji na wengine watano ambao hujawahi kukutana nao. Unatafuta mtu akukatize: "Ndivyo hasa, tena juzi tu..." na aanze kusimulia. Akiitikia kwa kichwa tu na kusema "ni kweli, ni kweli", andika kwamba haijamgusa. Akikusahihisha, shukuru na ubadilishe hapo hapo mbele yake. "Siyo kwamba sijui lini litafika. Najua litachelewa. Ila nikimuuzia mwingine, msimu ujao hatakuja kwangu." Maneno kama hayo yanageuza kila kitu: tatizo sasa ni hofu ya kumpoteza mnunuzi, na kivuli wala kreti havitaigusa hofu hiyo.

Kisha omba kitu. Maneno hayagharimu, muda, jina na fedha vinagharimu. Mwombe akupeleke kwa jirani yake mwenye shida hiyo. Mwombe akuruhusu ukae shambani siku nzima ya kuvuna. Ukifika mbali zaidi, mwombe achangie kidogo kwenye jaribio, hata elfu kumi. Wasiotoa chochote si watu wabaya; wanakuambia tu kwamba wana shida kubwa kuliko hii.

Hatua ya 9: Jaribu kwa mikono kabla ya kutengeneza

Usiandike programu bado, wala usichomelee chuma. Tafuta wakulima watano wanaopakana, wenye mzigo unaoiva wiki moja. Waombe wakubali kuvuna siku moja, mpigie mnunuzi mmoja, mwambie una kilo ngapi na mahali pa kukusanyia, kisha simama pale na daftari. Andika gari lilifika siku ya ngapi baada ya zabibu kuiva, kilo ngapi zilikataliwa, kila mkulima alilipwa shilingi ngapi kwa kilo, na nani aligombana na nani. Hilo la mwisho usilipuuze: watu wanaovuna pamoja hugombea nafasi ya kupima kwanza, na bidhaa yoyote utakayotengeneza baadaye italikuta gomvi hilo likiisubiri.

Kama siku tano zimeshuka kuwa mbili, na wale watano wanakuuliza wenyewe kama msimu ujao utakuwepo, sasa una cha kutengeneza, na unajua kinatakiwa kufanya nini. Kama hakuna kilichobadilika, umetumia nauli, vocha na wiki chache. Rudi kwenye sentensi uangalie ni kipande kipi hakikuwa kweli.

Jaribio hili fanya maandalizi yake mapema. Anayetaka kulifanya Agosti aanze mazungumzo ya hatua ya nne katika mavuno ya Februari hadi Aprili, wakulima wakiwa shambani, na miezi ya katikati aitumie kwa hesabu na kuirudisha sentensi kwa wenyewe. Septemba ikimpita, atasubiri mpaka Februari nyingine.